Siwezi tena kuinua mkono na mkataba wangu unaisha baada ya miezi miwili, ninyamaze?

Shikamoo dada,

Naandika hii nimetoka shifti ya usiku, na naandika kwa mkono wa kushoto manake wa kulia nikishika simu dakika mbili tu bega linawaka. Mi nina miaka 38, niko kiwandani mwaka wa sita sasa, nipo mwisho wa laini kwenye kupanga, yaani boksi zinakuja kwenye mkanda mi nazichukua moja moja nazipanga kwenye paleti. Boksi moja ni kilo 8, sio mzigo wa kutisha, ndo mana mwanzo hata sikudhani kwamba kazi ndo inaniumiza.

Zamani mkanda ulikuwa unaleta boksi 3 kwa dakika. Miezi mitano iliyopita wakapandisha tageti zikawa 4, na paleti ambayo tulikuwa tunaipanga safu 5 sa hivi ni safu 7, na mi sio mrefu, hiyo ya saba naifikia nimenyoosha mikono juu ya kichwa kabisa. Shifti ni masaa 8, tunapumzika mara moja nusu saa, alafu wiki nyingi nachukua ovataimu ya masaa 4 mara tatu kwa wiki kwa sababu nyumbani wananitegemea.

Ilianza kama uchovu tu, nikitoka kazini bega zito, nikilala asubuhi limeisha. Baadae ikawa haliishi asubuhi, ikawa linaisha siku ya mapumziko tu, sa hivi hata siku ya mapumziko lipo. Usiku nikigeukia upande wa kulia naamka. Kuvaa shati naanza na mkono mbovu ndo nafuatia mzima. Juzi mwanangu kaniomba nimshushie begi lake juu ya kabati nikashindwa, nikamwambia subiri mama aje, akaniangalia tu.

Nilienda kituo cha afya wakapiga eksirei wakasema mfupa uko sawa, nikapewa diklofenaki. Zikaisha nikawa nanunua mwenyewe, wiki ya saba sasa, asubuhi na usiku, na siku nikizidiwa naongezea ibuprofeni. Tumbo limeanza kuniuma juu hapa chini ya kifua hasa kabla sijala.

Kazini siwezi kusema. Mwaka jana mwenzetu alisema anaumwa mgongo, mkataba wake haukuongezwa, hatujui kama ndo sababu lakini sote tuliona. Supavaiza kazi yake kusema utazoea, wenye kulalamika ni wavivu. Mkataba wangu unaisha miezi miwili ijayo. Mke wangu anasema niache kazi. Mi nawaza ninyamaze, nisaini kwanza, ndo niseme. Na pia kuna dogo mmoja wa miaka 22, yeye anafunga tepu boksi kwa kile kifaa cha mkono, ananiambia anaamka usiku vidole vimekufa ganzi mpaka aukung'ute mkono, wenzetu wanamwambia analalia mkono.

Sasa dada, hii ni umri au ni nini? Nikiufunga mkono kwa kitambaa nikaupumzisha kabisa utapona? Na je ninyamaze?

Wa mwisho wa laini

--

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na hapo kwa mtoto na begi nilikaa kidogo nimenyamaza, kwa sababu mimi kabla ya kuandika hapa nilikaa kwenye cherehani za kiwandani miaka 7, najua mtu unavyojisikia ukishindwa kitu kidogo mbele ya mtoto wako. Mi sio daktari, nitakwambia nilichojifunza kwa kuumwa na kwa kuuliza, na pale panapohitaji daktari nitakwambia nenda.

Naanza na tumbo kabla ya bega, hilo ndo la haraka. Diklofenaki na ibuprofeni ni dawa za ukoo mmoja, ukimeza zote mbili hujaongeza nguvu ya kutibu, umeongeza madhara. Dawa hizi zikimezwa muda mrefu zinaweza kuchubua tumbo mpaka likapata vidonda na damu, zinaweza kuumiza figo na kupandisha presha. Wiki saba bila daktari kujua ni nyingi mno. Acha kuzichanganya leo leo, na wiki hii hii nenda umwambie daktari umemeza nini, mara ngapi kwa siku na tumbo linauma wapi. Ukiona choo kimekuwa cheusi kama lami au umetapika damu, usisubiri kesho wala usisubiri shifti iishe, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Haya sasa bega. Umeniuliza kama ni umri. Ni kweli kano za bega, yaani zile kamba zinazounganisha msuli na mfupa, zinachakaa kadri mtu anavyosogea miaka 40 na kuendelea, sikatai, lakini hebu tufanye hesabu pamoja maana nahisi hujawahi kuifanya. Boksi 3 kwa dakika ni 180 kwa saa, kwa masaa saba na nusu ya kazi ni boksi 1,350. Boksi 4 kwa dakika ni 1,800. Yaani tageti ilipopanda uliongezewa boksi 450 kila shifti, mara kilo 8, ni kilo 3,600. Tani tatu na nusu za ziada kila siku, na jumla unayoinua kwa shifti moja ni kilo 14,400, na siku ya ovataimu unaongeza boksi 960 nyingine ambazo ni zaidi ya tani 7, na hizo unaziinua wakati misuli imeshachoka. Alafu juu ya hayo wakakuongezea safu mbili za juu. Miezi mitano iliyopita bega lako lilikuwa lile lile, na umri wako ulikuwa karibu ule ule. Kilichobadilika ni mkanda na paleti. Nataka hilo likukae kichwani kwa sababu naona kwenye barua unajilaumu, mara sio mrefu, mara boksi ni jepesi.

Na wepesi wa boksi ndo unaodanganya watu wengi. Tumezoea kudhani kinachoumiza ni mzigo mzito wa mara moja, kumbe wataalamu wa mambo ya kazi wanaangalia na kujirudia, na kipimo kimoja wanachotumia ni kwamba kazi ikiwa mzunguko wake haufiki sekunde 30 basi hiyo ni kazi ya kujirudia sana. Wako wewe ni sekunde 15. Wanaangalia pia mkao wa mkono, nguvu inayotumika, muda wa kupumzika, mtikisiko wa mashine kwa wanaoshika mashine, hata baridi, na hata presha ya kusimamiwa kwa ukali inachangia kwa sababu mtu anafanya kazi amekaza misuli muda wote. Na mkono wenyewe ni mzigo, jamani. Mkono mmoja wa mtu una kama asilimia 5 ya uzito wake, mtu wa kilo 70 mkono wake ni kama kilo tatu na nusu, kwa hiyo hata ukiinua mkono mtupu juu ya kichwa siku nzima umebeba kitu.

Ndani ya bega kunakuwaje? Kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa kwenye kisahani kidogo kisicho na kina, ndo mana bega linazunguka kila upande kuliko kiungo kingine chochote mwilini, lakini kwa sababu hiyo hiyo mfupa peke yake hauwezi kukishikilia. Wanaokishikilia ni misuli minne midogo na kano zake, na ile kano ya juu inapita chini ya paa la mfupa, sehemu nyembamba sana. Ukiinua mkono juu ya bega kano hiyo inavutwa na kubanwa hapo. Mara moja sio tatizo, mara elfu kwa siku inachubuka, na kano haina damu nyingi kama msuli kwa hiyo inajitengeneza polepole. Ile hadithi yako ya mwanzo asubuhi limeisha, baadae siku ya mapumziko tu, baadae haliishi, hiyo ndo inavyokwenda kano inapoumizwa tena kabla haijamaliza kupona. Na ndo mana eksirei ilikuwa safi. Eksirei inaonyesha mfupa, kano haionekani vizuri humo, hiyo inaangaliwa kwa altrasaundi, na mara nyingi daktari mzoefu anaweza kujua hata kwa mikono yake tu.

Jiangalie hivi ukiwa umepumzika: simama, inua mkono wa kulia kwa ubavuni taratibu mpaka juu. Kama chini hakuumi, katikati kunauma sana na ukishapita juu kunapungua, mara nyingi ni hiyo kano. Kama wewe mwenyewe huwezi kuinua ila mtu akikuinulia mkono unapanda, na ukiachiwa unaanguka, kano inaweza kuwa imechanika na hapo usikawie, hasa kama ilitokea ghafla. Kama hata mtu mwingine akiinua haupandi, bega limeganda, na bega la kuganda linawapata zaidi wenye kisukari, kwa hiyo pima na sukari. Na kama ukigeuza shingo ndo maumivu yanashuka kama shoti mpaka vidoleni, basi chanzo kinaweza kuwa shingoni na bega linasingiziwa. Hii ni ya kukusaidia kueleza tu, usijitibu nayo. Na bega la yeyote likiuma pamoja na kifua kubana, jasho la baridi na kukosa pumzi, hiyo sio kano tena, huo unaweza kuwa moyo, ni hospitali mbio. Vile vile kiungo kikivimba chekundu na homa juu yake.

Ukienda kwa daktari safari hii usiseme tu bega linauma. Sema naliinua boksi la kilo 8 mara 1,800 kwa siku, theluthi yake hivi juu ya bega, tangu miezi mitano. Kuna daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, mwaka 1700 aliwaambia madaktari wenzake kwamba kwenye maswali wanayomuuliza mgonjwa waongeze moja: unafanya kazi gani? Miaka zaidi ya 300 imepita na wewe umeondoka kituoni na dawa bila kuulizwa hilo swali. Basi ulijibu hata kama halijaulizwa, na uombe liandikwe kwenye cheti au faili lako, kwamba mgonjwa anaeleza kazi yake ni hii na maumivu yalianza baada ya hiki. Hiyo sentensi moja utakuja kuihitaji.

Kuhusu kitambaa, hapana. Siku mbili tatu za kuupumzisha mkono ukiuma sana sawa, lakini ukiufunga wiki na wiki bega litakaza na misuli itapungua, utatoka na tatizo la pili. Mimi nilifanya kosa hilo hilo, nilijifunga khanga begani wiki tatu nikidhani napona, nilipofungua nilikuwa siwezi hata kufikia mgongoni. Kinachosaidia kano kwa watu wengi ni mazoezi yanayoongezwa polepole, na mtaalamu wa fiziotherapia ndo wa kukupangia. Mwanzo huwa mepesi kabisa, unainama umeegemea meza kwa mkono mzima, mbovu unauachia uning'inie unaupepesa mbele nyuma, baadae unasukuma ukuta bila kusogeza bega, baadae ndo uzito mdogo. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanavumilika, ila yakikufuata mpaka kesho yake asubuhi ujue umezidisha, punguza. Usikate tamaa wiki ya pili, kano inataka wiki 6 mpaka 12 na wengine zaidi. Usiku lala upande wa kushoto au chali, kumbatia mto ili mkono wa kulia usining'inie. Kuchua na maji ya moto vinatuliza, tumia, ila usitegemee vitengeneze kano. Na ukitajiwa sindano ya bega, inaweza kukupa nafuu ya wiki kadhaa, ila kurudia rudia kunaweza kudhoofisha kano, na hatari yake nyingine ni kwamba ukiwa huhisi maumivu utarudi kwenye safu ya saba kwa nguvu zote.

Kwa sababu hapo ndo penyewe mdogo wangu. Mazoezi yote hayo hayatashinda kilo 14,400. Lazima kazi iguswe.

Na kazi yako inaweza kuguswa bila kiwanda kufilisika. La kwanza ni kurudisha safu ziwe 5, kama haiwezekani basi pawekwe jukwaa imara la kusimamia mnapopanga safu za juu ili mikono isipite bega, lisiteleze na liwe na nafasi ya kutosha kwa miguu, au ile meza inayoshusha paleti kadri inavyojaa. Paleti isogee karibu na mkanda usiwe unanyoosha mkono mbali, boksi likiwa karibu na kifua bega linabeba kidogo, likiwa mbali linabeba sana hata kama kilo ni zile zile. Mapumziko mafupi ya mara kwa mara, hata dakika chache kila saa, yanasaidia misuli kuliko kusubiri nusu saa moja. Na kubadilishana kazi kila saa moja au mbili, lakini hapa muwe makini, nimeona viwanda vinamtoa mtu kwenye kupanga vinampeleka kwenye kupakia, bega lile lile. Kubadilishana kunafaa ukienda kazi inayotumia misuli mingine, kama kukagua lebo. Ovataimu nayo, naelewa kabisa nyumbani wanakutegemea, lakini kwa hizi wiki za matibabu punguza hata kama ni kutoka tatu kwenda moja.

Sasa unyamaze? Sitakudanganya kwamba hakuna hatari, siijui menejimenti yenu na wewe ndo utakayekaa na matokeo. Ila mimi nasema usinyamaze, na usisubiri kusaini. Ukinyamaza miezi miwili kano inaweza kufika mahali mkono hauinuki kabisa, na hapo utaondolewa kwa kushindwa kazi bila karatasi hata moja inayoonyesha kazi ndo ilikuumiza, watasema aliumia kwao huko. Nchi nyingi zina fidia ya ugonjwa wa kazi na nyingi zinataka utoe taarifa ndani ya muda fulani, ulizia huo muda mapema. Orodha ya magonjwa ya kazi ya Shirika la Kazi Duniani, ile iliyorekebishwa mwaka 2010, ina sehemu nzima ya magonjwa ya misuli na viungo, na mwaka 2022 shirika hilo liliweka mazingira salama ya kazi kwenye haki za msingi za mfanyakazi. Kuna na mkataba wake namba 155 wa mwaka 1981 unaosema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Supavaiza wako huenda hajawahi kuyasikia, lakini mwakilishi wa wafanyakazi au kamati ya usalama, kama mnayo, wanapaswa kuyajua.

Ila usiende peke yako, na usiende na neno naumwa. Nenda na hesabu. Wiki mbili andika kwenye daftari kila siku: boksi ngapi, safu ngapi, maumivu yalianza saa ngapi, ovataimu au hapana. Alafu kuna kitu wafanyakazi wa nchi nyingi wanafanya, chora mtu kwenye karatasi kubwa, mbele na nyuma, kila mmoja wa laini yenu aweke alama panapomuuma, bila jina. Sehemu tuliyokuwa tunashona tulipofanya hivyo alama zilijaa shingoni na begani mpaka mchoro ukawa hauonekani, na kila mmoja wetu alikuwa anadhani ni yeye tu. Karatasi ile haina jina la mtu wa kufukuzwa. Ipelekeni watu watatu wanne, pamoja na hayo mapendekezo mawili matatu, kwa maandishi yenye tarehe, mbaki na nakala. Meneja anaelewa lugha ya boksi zilizoanguka na watu wasiokuja kazini, mwambieni kwa lugha hiyo.

Mkeo mwambie namwelewa, anakuona usiku unavyogeuka. Kuacha kazi iwe ya mwisho, baada ya haya yote kukataliwa, na hata hapo usiondoke kabla taarifa yako haijaandikwa mahali.

Na huyo dogo. Mtu anayeamka usiku vidole vimekufa ganzi na kukung'uta mkono halalii mkono, hiyo mara nyingi ni neva inayobanwa kwenye kifundo cha mkono pale inapopita kuingia kiganjani, na kazi ya kubana kifaa cha tepu huku kifundo kimekunjwa ndo inaileta. Muulize ni vidole vipi: kama ni dole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, na kile kidogo cha mwisho kiko sawa, basi inafanana sana na hiyo. Ikikamatwa mapema mara nyingi inatulia kwa kuvaa kishikizo cha kifundo usiku na kubadilishiwa kifaa, ikiachwa msuli wa chini ya dole gumba unaisha na haurudi kirahisi. Ana miaka 22. Siku utakayoenda kwa daktari ondoka naye.